Paa wa Bi Nuru

Zuhura mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda Ganjoni kupiga chapa nakala ya mwisho ya utafiti wako, na mlango umeufunga kwa kishindo ambacho najua kilinilenga mimi. Sanduku lako liko hapa sebuleni, limekwisha kufungwa. Alasiri nimeshaiswali, nyumba imenyamaza, nami nimechukua karatasi kwa sababu kuna jambo nimeshindwa kukwambia kwa mdomo wiki nzima. Kila nikianza tunaishia kugombana.

Mambo ya nguo, ya chakula, ya kuangalia mkoba wako ndani ya treni ya Nairobi kesho, nimekwisha kuyasema mpaka umeyachoka. Humu hayamo. Humu mna habari ya neno moja katika utafiti wako, na habari yangu mimi.

Nina hasira, Zuhura, na nisingependa udhani ni zako zote. Zako ni kidogo. Nyingine ni za watu wa vitabu, na zilizobaki, ambazo ndizo nyingi, nimejikasirikia mwenyewe.

Alhamisi ulinipa kurasa zako nizisome. Ulisimama pale mlangoni ukijifanya huna haja ya kujua nitasema nini, lakini hukuondoka. Nilisoma kwa raha. Umeandika juu ya vugo, ngoma ya wanawake wa mji wetu siku ya harusi, zile pembe zinavyopigwa kwa vijiti na waimbaji wanavyopokezana, na umeandika vizuri hata nikajiona nimo ukumbini nimevaa. Kisha nikafika sura ya tatu. Sura nzima umeijenga juu ya mstari mmoja aliouimba mama mkubwa wangu, Bi Nuru, Mola amrehemu: “Nimetunza paa, leo natoa.” Ukaeleza kwamba hilo ni paa la nyumba. Kwamba mama siku ya harusi anamkabidhi binti yake nyumba, na kwa hiyo wimbo huu ni wimbo wa urithi wa wanawake.

Nikaziweka kurasa chini.

“Hili si paa la nyumba,” nikakwambia.

“Ni la nini?”

“Ni paa. Mnyama. Yule wa mwituni.”

Ukacheka kidogo, bila ubaya. “Mama, vitabu vitatu vinasema ni paa la nyumba. Si magazeti haya. Ni vitabu vya vyuo vikuu, vimesomwa na wataalamu kabla ya kutolewa. Mwalimu wangu ndiye aliyenielekeza kwavyo.”

“Vimekosea vyote.”

“Umejuaje?”

“Mimi ni mzaliwa wa Kibokoni, Zuhura!”

“Hilo si jibu, Mama. Nani alikwambia? Lini? Wewe ulikuwapo alipokuwa akiimba? Nikiandika kwamba mamangu amesema hivyo kwa kuwa ni mzaliwa wa Kibokoni, watanicheka.”

Badala ya kukujibu nikakushika mkono, nikakiweka kiganja chako mbele ya mdomo wangu. Nikatamka paa la nyumba, halafu nikamtamka paa wa mwituni. La kwanza halitoi pumzi. La pili linapuliza. Bi Nuru akisema paa mnyama, ungeweza kuzima kibiriti. Nikarudia mara tano, mara sita, nawe ukakunja uso, ukasikiliza kweli, siwezi kukusingizia.

“Mama, mimi sisikii tofauti. Paa ni paa.”

Hapo ndipo nilipopaza sauti. Nikasema endelea na vitabu vyako basi, nikaingia chumbani. Lakini ni nani aliyekunyima masikio hayo? Ni mimi. Ulipoanza shule nilikataza watu wa nyumba hii wasikusemeshe Kimvita, nikataka Kiswahili cha mtihani peke yake, na Bi Nuru akiniambia namfanya mtoto mgeni kwao nilimwona hajui mambo ya siku hizi. Ukafaulu. Sasa naukasirikia ugeni niliokupa kwa mkono wangu.

Na lile swali lako, umejuaje, lilikuwa swali la haki. Sikulijibu kwa sababu jibu lake lina aibu. Hili hapa.

Nilikuwa na umri kama wako. Alikuja mtafiti mmoja wa muziki kutoka ng’ambo, mtu mpole, mwenye mashine ya kurekodia aliyoibeba kama mtoto mchanga. Alipanga chumba karibu na Ngome ya Yesu, na alihitaji msichana wa mjini anayejua Kiingereza, akae naye wanawake wakiimba, kisha awaulize maana ya maneno magumu. Nikapata mimi kazi hiyo kwa kuwa Bi Nuru ndiye aliyekuwa mwimbaji, na mimi ni mtoto wa mdogo wake. Wiki za kwanza nilifanya kazi vizuri. Nilikuwapo, nilisikia, niliuliza, niliandika.

Kisha Bi Nuru akanikemea. Alikuwa amesikia naonekana na babako kabla hajaja kuposa, na hakunikemea faraghani; alinisema mbele ya wanawake wote, chumba kizima, pembe zikiwa mkononi. Nilitoka nikiwa nimevimba. Nikaapa sitakanyaga kwake mpaka aniombe radhi, na Bi Nuru hakuwa mtu wa kuomba radhi watoto. Wiki mbili sikwenda. Katika wiki hizo mbili ndipo yule mgeni alipourekodi wimbo wa paa, yeye na mashine yake tu. Mimi sikuwapo, Zuhura. Hilo ulilouliza Alhamisi, jibu lake ni hapana.

Akanikuta njiani, akanipa karatasi. Alikuwa ameyaorodhesha maneno kama saba hivi ambayo hakuyaelewa kwenye kanda. Akaniambia, “Tafadhali, mwulize Bi Nuru mwenyewe.” Nikasema sawa. Nikaenda nikakaa kivulini chini ya ukuta wa Ngome, pale wauza vinyago wanapopanga vitu vyao, nikayajaza maneno yote saba kwa akili yangu. Mbele ya neno paa nikaandika: la nyumba. Sikusikiliza kanda. Sikwenda kwa Bi Nuru, ambaye nyumba yake haikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka pale. Nilitazama herufi tatu juu ya karatasi nikaandika lililokuja kwanza, maana mimi ni mzaliwa, na mzaliwa anajua.

Kesho yake jioni nikampelekea. Akaisoma, akafurahi sana alipofika kwenye paa. Akaniuliza, na ninamkumbuka alivyoniuliza, alivua miwani kwanza: “Bi Nuru mwenyewe amesema hivi?”

“Ndiyo,” nikasema. “Nilimwuliza jana.”

Hayo ndiyo yaliyotokea. Wizi sikufanya, na wala sikukusudia kumdhuru mtu. Nilikuwa nimemnunia mama yangu mkubwa, basi.

Kitabu kilifika miaka baadaye, ukiwa unaanza kusoma. Alimtumia Bi Nuru nakala. Alhamisi moja wanawake wakakusanyika kwake, tulikuwa tumekwisha kupatana zamani, nami nikapewa kazi ya kusoma na kufasiri kwa sauti. Waliposikia majina yao walipiga vigelegele. Kisha nikafika ukurasa wa paa. Ningeweza kuuruka. Sikuwa na akili ya haraka kiasi hicho.

“Rudia hapo,” Bi Nuru akasema.

Nikarudia.

“Paa la nyumba?”

“Ndivyo alivyoandika.”

“Mimi nimwimbie biharusi makuti na mabati?”

Wanawake walicheka mpaka wakafuta machozi kwa buibui. Yeye hakucheka. Alisema, “Paa ni kile kinyama. Unakilea kwa kukinyatia, maana ukikitazama sana kinakimbia. Ndivyo alivyo mtoto wa kike. Nani alimwambia ni paa la nyumba?”

Nikasema labda alikosea kusikia. Hapo nikawa nimesema uongo wa pili, na huo ulikuwa mbaya kuliko wa kwanza, kwa sababu nilimtwisha kosa langu mtu asiyekuwapo.

“Mwandikie atengeneze,” akasema Bi Nuru.

“Nitamwandikia.”

Kila Idi aliniuliza. “Umemwandikia yule?” Nami kila Idi nilikuwa na udhuru. Kwanza aibu, halafu uvivu, mwishowe nikajiambia ni nani atakayesoma kitabu kama kile. Alifariki ukiwa kidato cha pili. Unakumbuka ulivyolia. Mimi nililia kwa mengine pia, na watu wakaniona nina huzuni nyingi.

Ni nani atakayesoma? Mwanangu mwenyewe, tena kwa kutumwa na mwalimu.

Jumamosi nilikwenda kwa Bi Rukia, mmoja wa wanawake wawili waliokuwa kwenye kikao kile na bado wako hai. Nilitaka ushahidi. Alikumbuka kicheko, alikumbuka makuti na mabati, akacheka upya. Nikamwuliza maana aliyoitoa Bi Nuru. Akasema, “Paa mnyama, ndiyo. Lakini paa si biharusi. Paa ni mamake biharusi, moyo wake unaruka.” Tukabishana pale pale, naye ana miaka karibu tisini! Nikatoka kwake nikaenda kwa yule mwingine. Huyo hakumbuki chochote, hata kwamba palikuwa na kitabu. Nikarudi nyumbani nimechoka, na kichwa kinaniuma.

Jumatatu nikaomba ruhusa kazini nikaja chuoni kwako, hukujua. Nikamwomba mkutubi vitabu vyako vitatu. Msichana mwenye adabu, akaniuliza natafiti nini, nikasema paa. Nilikaa saa mbili. Kitabu cha kwanza ni cha yule mgeni, na chini ya ukurasa kuna tanbihi: maana hii ilithibitishwa na mwimbaji mwenyewe kupitia msaidizi wa mtafiti. Kitabu cha pili kinasema maana hiyo hiyo, na tanbihi yake inakupeleka kwenye cha kwanza. Cha tatu kinasema kwa uhakika zaidi ya vyote, kana kwamba mwandishi alizaliwa nasi, na tanbihi yake inakupeleka kwenye cha pili. Cha kwanza hata hakitajwi. Nikavipanga vitatu mezani nikavitazama. Nilikuwa nikidhani nina mashahidi watatu dhidi yangu. Ni shahidi mmoja, naye hakuwapo, na alikuwa amenuna.

Unajua kazi yangu. Miaka yote hii katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, mtu akiniletea nakala ya nakala namrudisha. Namwambia lete karatasi ya asili, niione muhuri. Wananichukia kwa hilo. Hata siku moja sikukaa nikafikiri kwamba kuna mahali nimeweka karatasi bila asili na watu wanaipitisha tu, mkono kwa mkono.

Nilikuwa nimekwisha kumwandikia yule mgeni, usiku ule ule wa Alhamisi tuliyogombana. Yuko hai, amestaafu. Nilimweleza yote. Jibu lake lilinijia juzi kwenye simu, nalo limenitia hasira kuliko lingekuwa la matusi. Ananishukuru kwa heshima zote. Anasema anasikitika, lakini kumbukumbu ya mtu baada ya miaka mingi namna hii haiwezi kutengua maelezo yaliyoandikwa wakati ule ule. Maelezo yenyewe ndiyo yale yangu! Anasema kanda zimehifadhiwa katika makavazi ya chuo kimoja kwao, na kuzisikiliza kunahitaji maombi, na maombi yanachukua miezi. Anasema nikiwa na andiko lililochapishwa, au mahojiano yaliyorekodiwa vizuri na kutajwa alipo na aliyehojiwa, atayazingatia. Niliisoma barua ile nikataka kuitupa simu baharini. Kisha nikaisoma tena, nikaona kwamba ana haki. Amekataa kuniamini kwa neno langu tu, na laiti angekataa hivyo mara ya kwanza.

Sasa sikiliza, na usinichukulie kama ninakufundisha kazi yako. Wewe ndiye uliyesoma.

Usikitupe kitabu chake. Alivyoandika mapigo ya pembe, nani anaanza na nani anapokea, ni kweli tupu. Wiki hizo za kwanza nilikuwapo, na mambo mengine yeye aliyasikia vizuri kuliko sisi tuliozoea. Mtu yule hakudanganya. Aliuliza swali lililopasa kuulizwa, akajibiwa na mtu asiyepasa kujibu. Kosa lake ni kwamba hakurudi kwa Bi Nuru mwenyewe, japokuwa alikuwa akinywa kahawa kwake kila siku.

Na mimi usinichukue hivi hivi pia. Hilo ndilo linaloniuma. Alhamisi nilitaka uniamini kwa sababu ni mamako na ni mzaliwa, na uzaliwa huo huo ndio ulioandika “la nyumba” chini ya ukuta wa Ngome. Nilichonacho ni hiki: nilimsikia Bi Nuru, mara moja, chumbani kwake, akisema paa ni kile kinyama na kwamba ndivyo alivyo mtoto wa kike. Bi Rukia amesikia hayo hayo akaelewa vingine. Wa tatu hakumbuki. Kanda iko mbali, na wewe ukiipata utahitaji mtu mwenye masikio ya Kimvita akae nawe. Sina zaidi ya hayo. Nimeyapitia tangu Jumamosi nikitafuta zaidi, hakuna.

Sura yako ya tatu inaanguka, najua. Najua ni miezi mingapi. Najua mwalimu wako wa Nairobi anaisubiri wiki ijayo na ndiyo iliyomfanya akupokee. Nilifikiri sana kama ninyamaze, ufike huko salama, upate shahada yako, na neno moja la wimbo mmoja lijiendee zake. Hata leo ulipofunga mlango nilisema afadhali. Halafu nikaona siku moja mwanafunzi mwingine ataandika kwamba ni paa la nyumba, na tanbihi yake itampeleka kwako. Kwa jina lako, Zuhura. Hapo nikainuka kutafuta kalamu.

Huenda fikra yako ni ya kweli. Wanawake wa mji huu walikuwa na nyumba, na nyumba hii unayoihama kesho ilitoka kwa bibi mzaa bibi yangu. Lakini wimbo huu haulisemi hilo. Itakubidi utafute kwingine panaposema, na kama hapapo, uandike kwamba hapapo. Nilipokuwa na umri wako neno “sijui” lilinishinda kutamka mbele ya mgeni mwenye miwani. Si neno refu.

Utakasirika. Ungejua hili Alhamisi ungekuwa na siku sita za kutengeneza, nami nimekupa jioni moja. Kasirika. Nimekucheleweshea kwa sababu nilitaka uende ukiwa bado unaniona mtu mwadilifu, na hilo halikuwa na manufaa yoyote kwako.

Barua hii sitaificha sandukuni uje uisome ukiwa umefika Voi, mahali huwezi kuniuliza kitu. Nitakupa mkononi ukirudi. Isome hapa hapa mbele yangu, polepole, na ukimaliza kunitazama utakavyonitazama, leta ile simu yako uiweke mezani, uwashe irekodi. Niulize kama unavyomuuliza mtu usiyemjua. Uliza nilikuwa wapi, nani alikuwapo, nilisikia nini kwa masikio yangu na nini nilibuni. Usinihurumie, na usinikatize nikilia, nitaendelea. Halafu kaandike kwenye tanbihi yako mambo yalivyo, na usiniite msaidizi wa mtafiti. Mtu wa kwanza utakayemsikia kwenye rekodi hiyo nitakuwa mimi, nikitaja jina langu na la babangu.

Mamako,
Maimuna binti Salim
Kibokoni